Mtaa Umefungwa kwa Ujenzi wa Kituo cha Mwendokasi: Mwongozo Kamili wa Kupata Njia na Kuilinda Mpaka Kazi Iishe

Kila ujenzi wa mwendokasi unapohamia barabara nyingine hapa Dar, kilio ni kile kile. Mabati yamepigwa mdomoni mwa mtaa, boza la maji haliingii, gari la taka linaishia barabarani, wateja wamehamia mtaa wa pili. Ukiuliza wamechukua hatua gani unajibiwa, "Tumeongea na foremani, kasema atalishughulikia." Mwezi unakatika.

Watu hawa hawajazembea. Wameongea na mtu asiye na mamlaka, wameongea kwa mdomo, na wameongea uzio ukiwa umeshasimama. Kuhamisha uzio uliochimbiwa kunamla mkandarasi pesa na siku za kazi. Kuusogeza ukiwa bado mstari kwenye mchoro hakumli chochote. Kwa hiyo ukiona vijana wa upimaji wanapiga misumari na kupaka rangi kwenye lami, siku yako ya kuanza ndiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa mitaa inayotokea kwenye barabara kuu: Nyerere, Kilwa, Bagamoyo, Sam Nujoma na nyingine za namna hiyo. Kama mmeshafungiwa tayari, anzeni hatua ya 1 hivyo hivyo. Mtachelewa, ila hamjakosa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kaunta buku moja, ya kazi hii tu.
- Tepu ya kupimia, ya mita 5 au zaidi. Fundi yeyote wa mtaani anayo.
- Karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi mbili.
- Simu yenye kamera nzuri, tarehe yake ikiwa sahihi.
- Rula ndogo na penseli, kwa ajili ya nyufa.
- Nakala za leseni ya biashara na mkataba wa pango, kwa wenye fremu.
- Orodha ya nyumba zenye mgonjwa, mjamzito, mzee asiyetembea au mwenye kiti cha magurudumu.
- Ushirikiano wa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Bila muhuri wao, barua yenu itasomwa kama malalamiko ya mtu mmoja.

Chagueni watu watatu wa kubeba jambo hili, na mmoja wao awe mpangaji. Kamati ya wenye nyumba watupu husahau kwamba anayepanga fremu ndiye anayelipa kodi ya miezi sita mbele huku mlango umezibwa.

## Hatua ya 1: Jua nani anafunga, na kwa muda gani

Nenda kwenye kibao cha mradi, kile kikubwa cha bati kinachosimikwa mwanzo wa kazi. Nakili kila kitu: mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Piga na picha.

Kwa nini: watu wengi wanapeleka barua ofisi isiyohusika. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, kazi yake ni usafiri wenyewe. Ujenzi wa miundombinu yake kwenye barabara kuu umekuwa ukisimamiwa na TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Barabara za ndani ya mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mkandarasi ameajiriwa, na anayemwamuru pale saiti ni mhandisi mshauri, ambaye huweka mtu wake wa kila siku anayeitwa Mhandisi Mkazi. Huyo ndiye mlengwa wenu. Foremani anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hana kalamu ya kubadilisha mchoro.

Ulizia pia afisa jamii wa mradi. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wananchi, na kwa kawaida afisa huyu ndiye anayeushika. Anatembea mitaani, ni rahisi kumpata kuliko mhandisi.

Swali moja msiliache: mtaa huu unafungwa kwa muda tu, au ndiyo moja kwa moja? Vituo vya mwendokasi hukaa katikati ya barabara, na njia za mabasi zinatengwa na magari mengine. Matokeo yake mitaa mingi ikifunguliwa inabaki na ruhusa ya kukata kushoto tu. Dereva anayetaka kwenda upande wa pili anaendesha hadi makutano yenye taa ndipo ageuze. Tazameni Barabara ya Morogoro mtaona. Kama mchoro unaonyesha mtaa wenu hautakuwa tena na makutano, au kivuko cha miguu kimewekwa mbali, huu ndio wakati wa kulisema. Zege likishamwagwa hakuna wa kukusikiliza.

Umefanikiwa ukiwa na: jina la ofisi, cheo cha mhusika, namba ya simu ya kazini na tarehe mbili, ya kufunga na ya kufungua, zote kwenye kaunta buku.

## Hatua ya 2: Tembea mtaa mzima na upime

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mhandisi anaamua kwa mita. Ukimwambia "hatupiti" atakuonea huruma, ukimwambia "imebaki mita 2.1 kutoka nguzo ya umeme hadi kwenye alama yako nyekundu" atatoa tepu yake.

Chora mtaa kwenye manila. Rangi moja iwe ya vitu vilivyopo: nyumba, nguzo, mitaro, mita za maji, chemba za majitaka, msikiti, kanisa, shule, duka la dawa. Rangi ya pili iwe ya mienendo: wanafunzi wanapita wapi saa 12 asubuhi, bodaboda wanapaki wapi, boza linasimama wapi na mpira wake unafika wapi, gari la taka linageuzia wapi. Hilo la kugeuzia husahaulika sana. Mtaa ukizibwa mdomo, lori linaloingia kwa nyuma halina pa kugeukia, hivyo dereva anakataa kuingia na taka zinalala.

Pima upana sehemu zote nyembamba. Vipimo vya kusimamia ni hivi:

- Lori lenyewe lina upana wa kama mita 2 na nusu. Ukiongeza vioo na nafasi ya kujipanga, omba mita 3.5. Hapo litapita boza, gari la kunyonya majitaka na gari la zimamoto.
- Njia ya waenda kwa miguu isipungue mita 1.5. Kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma vinapita, na mama mwenye ndoo kichwani anapishana na mwenzake bila mmoja kushuka mtaroni.
- Kwenye kona ongeza nafasi. Guta lenye kreti za soda linakata kona kwa upana kuliko unavyodhani.

Fikirini na msiba. Mtaa wetu wa Kiswahili msiba ukitokea, turubai linafungwa barabarani, viti vinajaa, jeneza linatoka na watu pembeni yake. Mtaa wenye njia moja iliyobanwa hauwezi kubeba turubai na magari kwa pamoja. Tafuteni mapema kiwanja cha shule au uwanja wa mpira wa jirani, muandike kwenye ramani kwamba misiba na harusi zitafanyika pale mpaka barabara ifunguliwe. Kulitatua jambo hili katikati ya kilio ni kuumizana.

Mwisho, fuateni maji. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Choreni kila mtaro kwa mshale wa maji yanakoelekea, muone kama uzio au kifusi kitakaa juu yake. Mtaro uliozibwa kwa kifusi mwezi wa pili ni sebule iliyojaa maji mwezi wa nne.

Umefanikiwa ikiwa: mtu asiyeujua mtaa wenu anaweza kuitazama ramani na kuonyesha kwa kidole wapi njia ibaki.

## Hatua ya 3: Piga picha nyumba kabla mtambo haujafika

Roli la kushindilia udongo hutetemesha ardhi, na nyumba zetu nyingi za tofali za saruji zilizojengwa kwa awamu zina nyufa tayari. Baada ya miezi, mwenye nyumba anasema ufa umeletwa na mtambo, mkandarasi anasema ulikuwepo. Asiye na picha ya kabla hana la kusimamia.

Fanya hivi kwa kila nyumba iliyo jirani na eneo la kazi:

1. Piga ukuta mzima kutoka mbali, uonekane ni wa nyumba ipi.
2. Sogea, piga kila ufa ukiwa umeweka rula pembeni yake.
3. Kwa penseli, weka kistari kidogo pale ufa unapoishia, kila ncha, na uandike tarehe ukutani. Ufa ukirefuka utapita kistari na kila mtu ataona.
4. Piga sakafu, uzio, geti, ngazi ya kuingilia na mita ya maji.

Tahadhari: usitegemee picha zilizotumwa WhatsApp kama picha za kawaida. Zinapunguzwa ubora na taarifa za tarehe zilizofichwa ndani yake zinapotea. Tuma kama dokumenti, au jitumie kwa barua pepe, na picha halisi usiifute kwenye simu.

Muombeni mhandisi mshauri naye alete mtu wake wa kupiga picha hizo hizo. Miradi mingi mikubwa hufanya ukaguzi wa majengo kabla ya kuanza. Kama umefanyika kwenu, dai nakala ya karatasi uliyosaini.

## Hatua ya 4: Kikao cha mtaa na maombi yasiyozidi matano

Iteni kikao kupitia mwenyekiti. Bandikeni manila ukutani, watu waione na kuisahihisha. Kisha mkubaliane maombi, yasizidi matano. Barua yenye maombi kumi na nane humpa mpokeaji nafasi ya kujibu lile jepesi na kuyaacha mengine.

Tahadhari kubwa: fidia msiichanganye na njia. Hapa ndipo barua nyingi zinapozama. Fidia ya ardhi, nyumba au mali iliyotwaliwa ina njia yake, ina mthamini wake na fomu zake, na inachukua muda mrefu. Mkiandika barua moja inayodai njia na fidia, inapelekwa kwenye jalada la fidia na njia inalala humo. Andikeni barua mbili, siku mbili tofauti.

Jambo jingine: aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara kuu, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, suala lake ni la peke yake. Mwacheni alifuatilie kivyake, na msaidieni kama jirani, lakini lisibebwe na barua ya njia.

Muhtasari uandikwe pale pale, watu wasaini kwa majina na namba za nyumba, mtendaji agonge muhuri.

## Hatua ya 5: Andika barua na uhakikishe imepokelewa

Barua iwe ukurasa mmoja. Mfano:

> YAH: MAOMBI YA NJIA YA KUPITA WAKATI MTAA UMEFUNGWA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi wakazi na wafanyabiashara wa Mtaa wa ……, Kata ya ……, tulikutana tarehe ……. Muhtasari na mahudhurio vimeambatishwa. Mtaa wetu una mdomo mmoja tu wa magari, nao ndio unaofungwa. Tunaomba:
>
> 1. Ibaki njia ya magari yenye upana usiopungua mita 3.5 (alama A kwenye ramani).
> 2. Ibaki njia ya miguu ya mita 1.5, yenye taa usiku, isiyopita juu ya mtaro ulio wazi (alama B).
> 3. Zipangwe siku na saa za boza na gari la taka kuingia kupitia lango la saiti.
> 4. Mtaro wenye alama C usizibwe, au uwekewe kalavati kabla ya mvua.
> 5. Tupewe taarifa ya maandishi siku 3 kabla ya kubadilisha njia yoyote.
>
> Tunaomba Mhandisi Mkazi atutembelee tarehe …… au ……, saa 4 asubuhi, tumwonyeshe maeneo hayo.

Ipitie kwa mtendaji wa kata. Iende kwa Mhandisi Mkazi, na nakala kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa, TARURA wilaya, diwani na ofisi ya mkuu wa wilaya. Kama njia mbadala inapita barabara ya TARURA, nakala yao ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa malori yatahamia kwenye barabara ambayo haikujengwa kwa uzito huo.

Peleka kwa mkono. Kila ofisi wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yako. Mlinzi akikwambia "acha hapa nitampa," mwombe kwa heshima akuelekeze masjala. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa kesho itaulizwa ililetwa lini, na hutakuwa na jibu.

Umefanikiwa ikiwa: una nakala zenye mihuri na tarehe ya kutembelewa. Wiki ikipita kimya, rudi na nakala hiyo hiyo mkononi.

## Hatua ya 6: Ukaguzi wa pamoja

Mhandisi akija, wanaompokea wasiwe umati. Watu watatu, mwenyekiti, na mtu mmoja mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto mgongoni ambaye kweli anaitumia njia ile. Mpitisheni mhandisi pale pale. Nimeona mhandisi akisogeza uzio hatua mbili nzima baada ya kumtazama bibi mmoja akishindwa kupitisha gongo lake kati ya nguzo na bati. Ramani ilikuwa imemwonyesha nafasi hiyo, lakini bibi alimwonyesha mtu.

Mnachokubaliana kiandikwe kwenye karatasi kabla hajapanda gari, pande zote zisaini, na alama zipakwe rangi ardhini. Pigeni picha alama hizo.

## Hatua ya 7: Kuishi na uzio

Siku mabati yanaposimama, pimeni tena. Kama upana si ule uliokubaliwa, piga simu siku hiyo hiyo na utume picha ya tepu ikiwa imekunjuliwa.

Usalama kwanza. Msivunje uzio wala kutoboa kijinjia cha bodaboda. Mashimo ya ujenzi yakijaa maji ya mvua hayaonyeshi kina chake, na mtoto haoni tofauti ya dimbwi na shimo. Kila mzazi awaonyeshe wanawe njia mpya kwa kuwatembeza, asiwaelekeze kwa mdomo. Wapelekeeni zimamoto wa wilaya maelezo ya mlango mpya wa kuingilia, na namba 114 ya zimamoto na 112 ya polisi zibandikwe dukani na kijiweni pamoja na maneno mafupi ya kumwelekeza dereva.

Wenye fremu. Tengenezeni bango moja la pamoja kwenye kona ya barabara kuu: mshale, majina ya maduka na namba za simu. Mteja anayeona bati anadhani duka limehama. Kubalianeni na bodaboda wa kijiwe bei moja ya kupeleka mizigo, ili mteja aagize kwa simu. Ongeeni na mwenye nyumba kuhusu kodi ya pango mapema, kwa kumwonyesha daftari la mauzo ya kabla na ya sasa. Wengi hukubali kupokea kodi ya miezi michache kuliko kubaki na fremu tupu. Na kama makadirio yako ya TRA yalifanywa biashara ikiwa imechangamka, nenda ofisini kwao kuomba yarekebishwe ndani ya mwaka huo huo. Awamu za kulipa ni Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo usisubiri ya mwisho.

Daftari. Kila tukio lipate mstari: tarehe, saa, kilichotokea, nani aliarifiwa, alijibu nini, lilitatuliwa lini. Bomba limepasuliwa, vumbi halijamwagiwa maji, taa ya njia imezimika, boza limerudishwa. Baada ya miezi mitatu kurasa hizo zina nguvu kuliko maandamano. Afisa jamii asipojibu, peleka nakala kwa Mhandisi Mkazi, kisha TANROADS mkoa, kisha mkuu wa wilaya. Vumbi na kelele za usiku zisizokoma zinaweza kupelekwa pia kwa chombo cha serikali cha kusimamia mazingira. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika nazo zina dawati zao za kupokea malalamiko ya wananchi, lakini huko muende mkiwa na mihuri ya ngazi zote za chini.

## Hatua ya 8: Kabla hawajaondoka

Mtambo wa mwisho ukipakiwa kwenye lori, mtaa unashangilia na kamati inavunjika. Msivunje. Tembeeni tena na ile manila ya hatua ya 2, mkague: mitaro inapitisha maji? Kifusi kimeondolewa? Mita za maji hazijafukiwa? Ngazi za kuingilia fremu zinalingana na kimo kipya cha barabara, au sasa mvua itaingilia dukani? Kivuko cha miguu kiko pale palipokubaliwa? Nyufa zimepita vistari vya penseli?

Andikeni orodha ya kasoro, ipite njia ile ile ya barua na mihuri. Mikataba mingi ya barabara ina kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka 1 baada ya kazi kukabidhiwa, ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake na sehemu ya fedha zake bado imezuiwa. Ulizeni ofisi ya mhandisi kipindi chenu kinaisha tarehe gani, muiandike kwenye jalada la kaunta buku. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha ndani ya kipindi hicho, tokeni na simu mpige picha kila mtaro ukiwa umejaa, na barua ya kasoro ifike ofisini kesho yake asubuhi.